Komamanga la uani kwetu Mikindani ni chachu na linapasukia mtini, nyie mnalilaje?

Binti_wa_Mikindani

Wakuu habari za mchana, wakubwa shikamooni. Nipo Mikindani, tangu mwaka jana nimerudi kukaa kwenye nyumba ya marehemu bibi mzaa mama, zile nyumba za zamani za mawe na chokaa kama mnazijua, na pale uani karibu na kisima kuna mkomamanga ambao bibi aliupanda kabla hata mama hajaolewa. Miaka yote nilivyokuwa Dar nilikuwa nausikia kwenye simu tu, mara mkomamanga umechanua, mara mkomamanga umezaa, basi mwaka huu nimeuona kwa macho yangu, umezaa mpaka matawi yameinama yanagusa ukuta.

Sasa tatizo sijui nayafanyeje. Komamanga nililozoea mimi ni lile la supamaketi, kubwa jekundu, ukilipasua punje ni nyekundu kama damu na tamu, unakula tu huku unaangalia tivii. Haya ya bibi madogo, saizi ya ngumi ya mtoto, ganda lina unjano unjano na wekundu upande ule unaopigwa jua, ndani punje za pinki, na uchachu wake asee unafumba macho. Halafu tangu mvua irudi baada ya lile jua la Februari yameanza kupasuka yenyewe mtini, ndege na sisimizi wanajilia, mengine yanadondoka yanaoza chini. Na kuyamenya ndio kazi kweli kweli, juzi nimekata matatu kwa kisu katikati kama chungwa, juisi ikaruka mpaka ukutani na kanga yangu mpya imepata madoa, nimeloweka na sabuni ya unga yamezidi kuwa meusi.

Mume wangu anasema tuukate tujenge banda la kuku, na simlaumu maana yeye ndio anafagia pale chini kila asubuhi. Lakini moyo wangu unagoma. Bibi alikuwa anakaa chini ya huo mti kila baada ya alasiri, anakula hayo makomamanga na kuwagawia majirani, na sijawahi kumsikia hata siku moja analalamika kwamba machachu. Kuna kitu alikuwa anakijua na mimi nilichelewa kumuuliza.

Naombeni mnisaidie, haya machachu yanaliwaje, yanamenywaje bila kuchafua, na hii ya kupasuka inatokana na nini.

Shamba_Ngapa

Dada usiukate huo mti tafadhali. Nipo Lindi, nina miti sita ya mikomamanga pembeni ya shamba langu la minazi, na nakwambia mkomamanga ni mti mvumilivu sana, jua la kwetu huku kusini unalistahimili, udongo wa mchanga unastahimili, na unakaa miaka mingi mno ukiutunza. Kuupata mti mkubwa unaozaa hivyo utasubiri tena miaka.

Nianze na uchachu. Makomamanga yako ya aina nyingi, kuna matamu, kuna machachu kabisa na kuna ya katikati, na hiyo ni asili ya mti wenyewe, kwahiyo usitegemee kwamba ukitia mbolea yatageuka kama yale ya supamaketi. Yale makubwa mekundu ni mbegu zilizochaguliwa kwa ajili ya biashara, ile inayoitwa Wonderful ndio maarufu, inalimwa sana Marekani kule California na hata Afrika Kusini. La bibi yako ni la kienyeji na lina kazi yake, wapishi humu watakuambia.

Ila angalia kitu kimoja, inawezekana unayachuma kabla hayajakomaa. Komamanga haliivi likishachumwa, si kama embe au ndizi kwamba utalifunika kwenye gunia usubiri, ukilichuma bichi litabaki bichi mpaka linyauke. Dalili ya kukomaa usiangalie rangi peke yake, lipime mkononi uone lina uzito kuliko ukubwa wake, liangalie mbavu zake, likiwa changa linakuwa duara kama mpira, likikomaa punje zimejaa ndani zinasukuma ganda linakuwa na pembe pembe, na ukiligonga kwa kidole linatoa mlio mkavu kama wa bati. Ganda nalo linapoteza ule mng'ao. Hapo kata na mkasi, usilivute, ukivuta unachana tawi.

Kupasuka ni maji. Mti ukikaa na ukame muda mrefu ganda linakuwa gumu halivutiki, halafu mvua ikija kubwa ghafla mizizi inanyonya maji mengi kwa mkupuo, punje zinavimba na ganda limeshindwa kufuata, linachanika. Kwetu huku mvua ni msimu mmoja na katikati tunapata lile jua la mwezi wa pili, ndio maana inatokea kila mwaka wakati huu huu. Dawa yake usiuache mti upate kiu kabisa, kisima si kipo hapo hapo, lile jua likishika mwagilia ndoo kadhaa kila wiki na uweke matandazo shinani, makumbi ya nazi ni mazuri sana yanashika unyevu, ila yaache mbali kidogo na shina lenyewe. Na mvua ikirudi tu pita uchume yote yaliyokomaa usingoje kesho. Yaliyopasuka leo asubuhi ni mazima kabisa, yachume siku hiyo hiyo uyatumie, likishakaa siku mbili na ufa linaingia ukungu hilo tupa.

Nyingine, ukiona komamanga lina kitundu kidogo na unga unga kama vumbi la mbao, humo kuna funza. Kuna kipepeo anataga yai kwenye ua au kwenye tunda changa, funza akitoka anatoboa anaingia ndani. Mimi nayafunika yangu yakiwa saizi ya ndimu, navisha kifuko cha kitambaa au karatasi nafunga na kamba ya mgomba, kazi ni ndogo na inaokoa matunda mengi. Yale yenye matundu usiyaache chini, choma moto au fukia shimo refu. Na machipukizi yanayoota shinani ondoa, acha mashina matatu mpaka matano tu, mti upate hewa.

chikongola_tz

mi nakula ivo ivo tu, navyotafuna na mbegu zake nameza. juisi weka kwenye blenda na sukari imeisha hiyo

MamaShangani

Chikongola hapo kwenye blenda naomba nikurekebishe kaka yangu, ukiisaga muda mrefu unavunja zile mbegu nyeupe za ndani na juisi inakuwa chungu na ina unga unga kooni. Weka punje, bonyeza mara mbili tatu tu sekunde moja moja, ganda laini la punje likishapasuka imetosha, mimina kwenye chujio ukamue na mgongo wa kijiko. Na hakikisha ule utando mweupe haumo hata kidogo, uchungu wote unakaa mle.

Dada wa Mikindani karibu nyumbani. Mimi nauza chakula hapa mjini Mtwara na nimepikia komamanga miaka mingi, nimejifunza kwa mama mmoja wa Kihindi tuliyekuwa jirani naye, kwahiyo hapa nitaandika marefu naomba mvumilie.

Kwanza kumenya. Usikate katikati kama chungwa, ndio maana ikakurukia, kisu kinapita katikati ya punje. Chukua kisu kidogo, upande wa juu pale penye kile kitaji, zungusha kisu pembeni mwa kitaji usiingie ndani sana, unyanyue kama kifuniko. Utaona ndani vyumba vimetenganishwa na kuta nyeupe, sasa kila ukuta ulipo chora mstari kwenye ganda kutoka juu mpaka chini, kina cha ganda tu, halafu lipasue kwa vidole linafunguka kama ua. Hapo weka bakuli kubwa la maji, vitumbukize vipande ndani ya maji uzipukuchue punje kwa kidole gumba chini ya maji, haitaruka hata tone moja. Punje zinazama, utando unaelea juu, unautoa kwa mkono unamwaga maji, kazi imekwisha. Makomamanga kumi nusu saa. Punje zikikauka maji ziweke kwenye chombo chenye mfuniko kwenye friji zinakaa siku kadhaa, friza zinakaa miezi, nzima nzima nayo yanakaa kwenye friji hata mwezi mmoja na zaidi.

Sasa uchachu. Naomba ubadilishe namna unavyolitazama. Ukipewa ndimu huilalamikii kwamba chachu, ukwaju huulalamikii, unajua kazi yake. Komamanga chachu ni la jikoni, na kwa kupikia ni bora kuliko lile tamu la supamaketi, mimi nikipata la uani kama la bibi yako naliacha la dukani. Popote unapokamua ndimu weka komamanga uone.

Anza na kachumbari, punguza ndimu uweke punje konzi moja, kila ukitafuna inapasuka mdomoni, na samaki wa kukaanga inakwenda vizuri mno. Mtindi mzito na punje na chumvi kidogo na jira iliyokaangwa, hiyo unakula na pilau au na wali mweupe. Ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwetu kusini, si tunakula na chumvi na pilipili, nyunyizia punje juu, watoto wangu sasa hivi hawali bila hizo.

Halafu samaki wa kupaka. Mchome changu wako au tasi kwenye mkaa, tengeneza tui zito na thaumu, tangawizi, pilipili na bizari, lichemke mpaka liwe zito, sasa ule uchachu tuliozoea wa ndimu au ukwaju weka juisi ya komamanga, nusu kikombe kwa tui la nazi moja, lakini epua kwanza jikoni ndio utie, ukitia linachemka tui linakatika. Paka samaki, rudisha mkaani, paka tena. Rangi yake tu inashibisha.

Kuna na asali ya komamanga, Waarabu wanaiita dibs rumman, hii ndio itakuokolea mzigo wako wote huo kabla haujaoza. Vikombe vinne vya juisi, nusu kikombe cha sukari, weka sufuria pana moto mdogo bila kufunika, koroga mara kwa mara, kama saa moja hivi mpaka ibaki kikombe kimoja. Watu wengine wanatia ndimu lakini lako chachu halihitaji. Ikikaribia simama hapo hapo usiondoke, ikiungua ni chungu haifai, na ikipoa inazidi kuwa nzito kwahiyo iepue ikiwa bado nyepesi kidogo, ikipaka mgongo wa kijiko imetosha. Tia kwenye chupa kavu weka friji, inakaa miezi. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi ni sharubati tosha, kijiko kwenye mchuzi wa biringanya, kijiko kwenye kuku wa kuchoma dakika za mwisho.

Na sasa lile ninalotaka ulipike wewe kabla mume wako hajashika panga. Iran kuna chakula kinaitwa fesenjan, ni kuku anapikwa na juisi ya komamanga na jozi zilizosagwa, zile njugu wanazoita walnut. Jozi huku tutazitoa wapi, lakini Mungu katupa korosho. Nunua korosho zilizobanguliwa zile vipande vilivyovunjika ni bei nafuu na ladha ni ile ile, vikombe viwili, zikaange kavu mpaka zinukie, saga. Kaanga vitunguu viwili mpaka viwe vya kahawia, weka kuku kilo moja ageuke rangi, tia korosho, tia maji vikombe viwili, na asali ya komamanga nusu kikombe au juisi yenyewe vikombe viwili badala ya maji, chumvi, mdalasini kidogo na manjano. Moto mdogo, na ukoroge maana korosho inashika chini haraka. Usiwe na haraka, saa nzima na zaidi, mpaka uone mafuta ya korosho yanapanda juu na mchuzi umekuwa wa kahawia iliyoiva. Ukionja ikiwa chachu sana ongeza sukari kijiko, ikiwa tamu ongeza juisi. Kula na wali mweupe, wa nazi utazidisha mafuta.

Mtu_wa_Ndanda

Mama Shangani hilo la korosho nimelihifadhi. Niongeze kidogo tu, huku kwetu upande wa Masasi tunalisikia komamanga kanisani kuliko tunavyolila, kitabu cha Kutoka sura ya 28 joho la Haruni kuhani lilipambwa makomamanga kwenye pindo, ya nyuzi za rangi, na katikati yake njuga za dhahabu. Na Kumbukumbu la Torati 8:8 nchi ya ahadi inatajwa kuwa ya ngano na shayiri na mizabibu na mitini na mikomamanga. Nilikuwa nasoma tangu mtoto bila kujua tunda lenyewe likoje, nimelionja kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 31 sokoni Mtwara na nilisimama pale pale nikalimaliza. Dada ukiukata huo mti mimi nitaumia wakati hata sijauona.

Binti_wa_Mikindani

Jamani nimesoma yote mara mbili, Mama Shangani ubarikiwe, Shamba Ngapa asante sana nimeenda kuangalia sasa hivi kweli matano yana vitundu. Nimechuma yaliyopasuka leo, deli limejaa. Swali, kwenye zile siku bibi alikuwa anakula mabichi kabisa bila kupika, na kanga yangu je, kuna matumaini?

BiKivinje

Mjukuu wangu, hawa wote wamesema vizuri. Mimi ni mtu mzima nipo Kilwa Kivinje, anayeniandikia ni mwanangu.

Bibi yako alikuwa anakula kwa chumvi. Sisi tulikuwa hivyo, komamanga chachu unalifungua unalitia chumvi na pilipili kavu iliyopondwa kama embe bichi, unakaa kivulini unakula punje moja moja, mchana wa joto ukila hilo kiu inakatika. Hata huyo mwanangu ameniambia ameona kwenye simu watu wa Iran wanakula vile vile kwa chumvi na unga wa kiungo chao kinaitwa golpar, nikafurahi. Njia nyingine ya watoto, unalichukua komamanga zima halijapasuka unalibiringisha kwenye sakafu kwa kiganja, polepole, unasikia punje zinavunjika ndani, kacha kacha, mpaka mlio ukome na tunda lilegee, halafu unatoboa kwa jino kitundu kidogo unafyonza. Kikombe chake ni hilo hilo ganda. Ila libonyeze kwa adabu likipasuka ni nguo.

Na alikuwa hatupi punje, kama alikuwa mtu wa zama zetu. Tuliambiwa na wazee kila komamanga lina punje moja ya peponi na hujui ni ipi, kwahiyo unakula zote na ikidondoka unaiokota. Mama yangu alikuwa anatandika kitambaa cheupe mapajani ndipo anafungua, na tukigawana tulikuwa tunahesabu vyumba, kila mtoto chumba chake. Katika Surat Ar-Rahman aya ya 68 Mwenyezi Mungu anataja matunda ya peponi, anataja mitende na mikomamanga kwa majina yake. Mti uliotajwa hivyo ukiwa uani kwako utauondoaje kwa ajili ya kuku? Kuku watafutiwe pahala pengine, na hata hapo chini ya mti watakaa vizuri, wataokota wadudu.

Kanga. Sabuni ndiyo iliyokuharibia. Juisi ya komamanga ikikutana na sabuni kali inageuka rangi inakuwa ya samawati nyeusi nyeusi inashika. Doa likiwa bichi mimina maji baridi hapo hapo mengi, halafu ndimu na chumvi, anika juani, rudia. Hilo lako limeshakaa, jaribu ndimu na jua siku tatu nne, litapungua. La ganda ni gumu zaidi kuliko la punje, maana ganda lenyewe ni rangi, kule Uhindi na Uajemi wanachemshia nguo zikawa za njano na wanalainishia ngozi za wanyama. Ukifanya kazi ya makomamanga vaa nguo ya kazi mwanangu.

Na zile zitakazokushinda kula zikaushe. Tandaza punje kwenye ungo, funika na chandarua, anika jua kali, ingiza ndani usiku, wiki nzima na zaidi mpaka zikunjamane kama zabibu kavu. Wahindi wanaita anardana, wanasaga wanatia kwenye dengu. Choroko ya nazi ukiitia hiyo mwishoni utanikumbuka.

Nesi_wa_Zahanati

Mada nzuri sana, mimi nachangia upande wa afya kwa kifupi kwa sababu najua watu wakishapenda kitu wanageuza dawa. Komamanga ni tunda zuri, lina vitamini C, lina potasiamu, na ukila punje na mbegu zake unapata nyuzinyuzi za kusaidia choo, kutafuna na kumeza mbegu hakuna tatizo lolote. Juisi ukiichuja unapoteza hizo nyuzinyuzi na sukari yake inabaki, kwahiyo mwenye kisukari ni bora ale punje kidogo kuliko kunywa glasi kubwa.

Wanaotumia dawa za presha, au dawa ya kuzuia damu kuganda inayoitwa warfarin, waongee kwanza na daktari wao kabla ya kuanza kunywa juisi ya komamanga kila siku, inaweza kuingiliana na dawa. Watoto wadogo wasiojua kutafuna vizuri msiwape punje nzima, wanaweza kupaliwa, wapeni juisi iliyochujwa.

Na hili nalisisitiza, magome ya mizizi na ya shina la mkomamanga msichemshe mkanywa. Zamani yalitumika kutoa tegu tumboni lakini yana sumu, dozi ikizidi kidogo mtu anatapika, anapata kizunguzungu, na inaweza kumdhuru vibaya. Minyoo ina vidonge salama zahanati. Na mtoto akiharisha mpeni maji ya ORS na mumlete, msikae nyumbani mnachemsha maganda.

chikongola_tz

mama shangani nimejaribu ya kubonyeza mara tatu, kweli kabisa uchungu umeisha, mwanzo nilikua nadhani ndo ladha yake

Binti_wa_Mikindani

Wakuu nimerudi, zimepita siku tisa. Bibi wa Kivinje shikamoo, na mwanao anayekuandikia asante sana.

Nimefanya ya bakuli la maji, deli zima nimemaliza na wifi yangu kwa asubuhi moja na hakuna hata tone sakafuni. Tulipata juisi vikombe kumi na moja. Vinane nimevichemsha kwa awamu mbili, awamu ya kwanza niliiepua imechelewa kidogo ikawa ngumu kama lawalawa ikabidi niongeze maji ya moto nirudishe jikoni, ya pili imetoka sawa kabisa, nzito, nyeusi nyeusi yenye wekundu ukiiinua kwenye mwanga. Chupa mbili ziko kwenye friji.

Jumapili nikapika kuku wa korosho. Nilinunua korosho vipande kwa mama anayeuza pale barabarani, nikafuata kila kitu, ila niliogopa pale katikati maana mchuzi ulikuwa na rangi ya kijivu hauvutii kabisa, nikasema hapa nimeharibu. Nikaendelea kukoroga, saa ya pili inaanza ndio nikaona mafuta yanapanda pembeni na rangi inageuka kahawia, harufu ikajaa nyumba nzima mpaka jirani akachungulia. Mume wangu alikula kimya. Akaongeza wali. Akaongeza tena. Halafu akauliza zile asali za chupa zinatosha kupika mara ngapi, nikamwambia labda nne, akasema basi yaliyobaki mtini yasidondoke hata moja, na jana amekwenda kutafuta makumbi ya nazi mwenyewe. Banda la kuku tumekubaliana litakaa upande wa jikoni la zamani.

Kanga nimeitia ndimu na chumvi siku nne mfululizo juani, doa limebaki kama kivuli tu.

Lakini kitu kilichonigusa zaidi ni chumvi na pilipili. Juzi baada ya alasiri nilitandika mkeka chini ya mti pale pale alipokuwa anakaa bibi, nikafungua moja, nikanyunyiza kama alivyosema Bi Kivinje. Ule uchachu uliokuwa unanifumba macho umekuwa kitu kingine kabisa, unatamani ya pili na ya tatu. Nilivyokuwa nakula akapita bibi mmoja mzee wa mtaa wa pili, akasimama mlangoni akaniambia mwenye nyumba hii alikuwa ananipa mawili kila Ijumaa. Nikamwambia aingie. Tumekaa mpaka magharibi, amenielezea mambo ya bibi ambayo hata mama hayajui, na ameondoka na sita kwenye mfuko.

Mtu_wa_Ndanda

Dada nimesoma hiyo ya mwisho nimenyamaza kidogo. Naomba kitu, naweza kupata mbegu za huo mti nipande huku kwetu?

Shamba_Ngapa

Mkuu mbegu usipande, ukipanda mbegu mti utakaoota unaweza kuzaa matunda tofauti kabisa na ya mama yake. Omba vijiti. Tawi lililokomaa unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 mpaka 25, toa majani, chomeka theluthi mbili zake kwenye kiriba chenye mchanga na samadi iliyooza, weka kivulini, unyevu usikauke. Ukishika mizizi vizuri unahamisha shambani mvua zikianza, na mwaka wa pili au wa tatu unaanza kuona matunda.

Dada wa Mikindani, na mimi naomba vinne. Nina kazi Mtwara Jumamosi, nitapita hapo Mikindani saa nne asubuhi. Kata asubuhi hiyo hiyo na mkasi mkali, upande wa chini kata mshazari ili tusichanganye juu na chini, vifunge kwenye kitambaa kibichi.

Binti_wa_Mikindani

Karibu sana kaka. Nitakata kumi, vingine umpelekee mtu wa Ndanda kama kuna basi la kuaminika la kumtumia. Na usile njiani, wifi anakuja, tunapika samaki wa kupaka.